Foronya Aliyoilalia Shangazi

Nikisikia mtu anasema foronya ni kitu kidogo, damu inanichemka. Huyo hajawahi kuamka asubuhi akazikuta nywele zake kwenye mto, fupi fupi, zimejikunja, na kujua kwamba usiku mzima, wakati amelala bila kumkosea mtu yeyote, kitambaa kilikuwa kinamnyonyoa.

Mimi nywele nilizipata kwa kuchelewa. Huku kwetu watoto wa shule wananyolewa, wasichana sawa na wavulana. Kila nilipokaribia kurudi shuleni baada ya likizo, mama alinikalisha kwenye kigoda nje ya mlango na kunikwangua mpaka upepo ukawa unanipiga kichwani. Nilipomaliza darasa la sita ikaamuliwa kwamba sitaendelea. Nililia sana. Halafu nikagundua jambo moja ambalo sikumwambia mtu: hakuna tena mwenye haki ya kuninyoa. Wenzangu walikwenda sekondari na vichwa vyao vitupu, mimi nikabaki nyumbani na nywele. Nilizilea kama mtu anavyomlea kuku wake wa kwanza. Kwangu hizo nywele ndizo nilizopewa badala ya shule, na sikuona kama nimepewa nyingi.

Kisha zikaunguzwa.

Saluni ilikuwa hapa Kigali, karibu na Sonatubes, ghorofani, juu ya duka la vipuri. Msichana wa pale alinipaka dawa ya kulainisha nywele, akaenda dirishani kubishana na vijana wa pikipiki waliokuwa wakisubiri abiria chini. Walikuwa wakimtania, naye anawarudishia, na saluni nzima inacheka. Dawa ikaanza kuwaka. Nikasema, "Samahani." Sauti yangu ndivyo ilivyo, inaishia kwenye meno. Nikasema tena. Mwanamke aliyekaa kiti cha pili akanisikia, akanigeukia na kunichekea.

"Vumilia, sha, mwenzangu. Ukishuka hapa utakuwa umependeza."

Nilivumilia mpaka machozi yakanidondokea kwenye taulo. Msichana aliporudi na kunimwagia maji, ngozi ilitoka kuanzia kwenye panja la kushoto hadi nyuma ya sikio.

"Yoo, ihangane," akaniambia.

Hilo ni neno la Kinyarwanda ambalo kila mtu atakupa ukiumia: uwe mvumilivu, pole. Wanakupa hilo neno na kuendelea na shughuli zao. Tangu siku ile sitaki kulisikia. Nilitoka pale nimejifunga kitambaa kichwani, na kitambaa hicho nikawa sikitoi mbele ya watu.

Kidonda kilipona, lakini upande ule nywele ziliota kama manyoya ya kifaranga. Zilifika urefu wa ukucha, zikakatika. Zikaota, zikakatika. Nilipaka mafuta ya mnyonyo, nikapaka mafuta ya nazi, nikapaka na vitu vingine ambavyo watu waliniambia na ambavyo leo naona haya kuvitaja. Kila asubuhi mto wangu ulikuwa umeyanywa mafuta yote na kuzibakiza nywele juu. Foronya zetu zilikuwa za pamba nene ya sokoni, zimefuliwa mpaka zimekakamaa. Na vumbi la Kinyinya. Pale tunapokaa kila upande pana nyumba inajengwa, na hata ukifunga dirisha unaamka na mchanga mwekundu masikioni. Kulala juu ya ile foronya ilikuwa kama kulaza shavu kwenye gunia.

Wakati huo nilikuwa nimeanza kujifunza ushonaji Nyamirambo, kwa bibi mmoja ambaye watu wake walitoka pwani zamani, wakafanya biashara ya vitambaa na kubaki. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, na ulimi wake ulikuwa mkali kama mkasi wake. Mimi nilikielewa chote, maana wazazi wangu walikulia Tanzania na nyumbani tunazungumza Kiswahili. Lakini kujibu sikujibu, kwa hiyo akaniita Bubu.

Siku moja kitambaa changu cha kichwani kilinasa kwenye gurudumu la cherehani kikavutika. Akaona. Hakusema pole. Nilimpenda kwa hilo.

"Bubu, njoo hapa mwangani. Hizi hazikatiki mchana. Mchana umezifunga, nani anazigusa? Unalalia nini usiku?"

"Mto, bibi."

"Mto najua. Sikudhani unalalia tofali. Umeuvalisha nini?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa kwa hasira, kama vile nimemwambia ninalala na paka mgonjwa.

"Pamba ina kiu. Ukipaka mafuta inakunywa yenyewe kwanza. Na ina vidole. Unageuka huku inashika, unageuka kule inashika. Halafu mnakuja kulalamika kwamba mmerogwa."

Alivuta boksi la mabaki chini ya meza. Kulikuwa na kipande cha hariri kilichobaki kwenye mshanana, vazi la sherehe, wa bi harusi mmoja, rangi ya maziwa yenye chai kidogo. Mwenyewe alikuwa amekuja kuchukua nguo yake na mabaki akayaacha. Bibi akachomoa uzi mmoja, akauwashia kiberiti na kuuleta puani kwangu.

"Nusa. Harufu ya nini?"

"Ya nywele."

"Basi hiyo ndiyo hariri. Imetoka kwa mdudu, haikutoka kwenye pipa. Hii hainywi mafuta yako, haikushiki. Ukigeuka inakuachia uende. Lakini uifue kwa mkono, maji baridi, sabuni ya mtoto mchanga. Kivulini. Na moto isiuone kabisa, umesikia? Itakunjamana, iache ikunjamane. Si wewe unayekunjamana."

Niliishona polepole baada ya kazi, kwa mshono wa kukunja mara mbili ili pasiwe na ukingo wa kukwaruza. Sikuweka kifungo. Niliacha mdomo mrefu unaokunjwa ndani, mto ukakaa umefungwa wenyewe. Kilikuwa kitu cha kwanza nilichojishonea kikatoka sawa.

Sasa nitasema ilichonifanyia, kwa sababu watu wanadhani ni maringo.

Usiku wa kwanza sikulala vizuri, kichwa kiliteleza kama kimewekwa juu ya samaki. Baadaye nikazoea. Niligundua kwamba inabaki baridi. Ukiugeuza mto upande wa pili, upande huo unakungoja na ubaridi wake. Nilikuwa naamka na mistari ya foronya shavuni mpaka abiria kwenye basi wananitazama, mistari ikaisha. Vipele vilivyokuwa vinanitoka kwenye taya vikapungua. Na nywele zikaacha kubaki kitandani. Mara ya kwanza nilipoamka nikakuta foronya haina kitu, niliikung'uta mara ya pili, sikuamini. Zile za panja zikapita urefu wa ukucha. Zikaanza kujipinda. Ukipitisha kidole unasikia zinakirudisha. Sisemi ni dawa. Wanaozunguka wakiuza vitu vinavyong'aa na kusema vitakuotesha nywele kwa wiki moja ni waongo, na vitu vyao ukivilalia unatokwa jasho. Nasema tu kwamba kwa mara ya kwanza kulikuwa na saa nyingi kila siku ambazo hakuna kitu kilichokuwa kikinidhuru.

Halafu shangazi akaja.

Ni dada wa baba, anakaa Ngara, upande wa Tanzania, ng'ambo tu ya mpaka. Alikuja kwa ajili ya harusi ya binti wa jirani yao wa zamani huko Kabuga. Alishuka na dagaa, mchele, maembe na sauti yake. Nyumbani kwetu mgeni anapewa kitanda cha kijana, kila mtu analijua hilo, na kijana anakwenda kulala sebuleni. Sikuwa na neno juu ya kitanda. Nilirudi kutoka kazini nimeshika ndoo ya maji, nikawasikia chumbani.

"Ai! Wifi! Mmeniwekea hariri? Kwani mimi ni bi harusi?"

"Bi harusi wa uzeeni," mama akasema, wakacheka. "Tuliiweka kwa ajili yako, wifi."

Nilisimama pale na ndoo yangu. Tuliiweka. Mama hajawahi hata kuigusa foronya ile. Alipoiona mara ya kwanza aliniuliza kama sasa nataka na mtu wa kunipepea.

Nikamfuata jikoni.

"Mama, niitoe foronya tu. Kitanda alalie."

"Umvue mgeni foronya?"

"Ni yangu."

"Nani kasema si yako? Ukiitoa atafikiri nini? Atafikiri tumemwona ana uchafu kichwani. Au atafikiri tunamfukuza. Mimi wifi yangu namjua, hilo atalisema Ngara mpaka tuzeeke. Ngoja aondoke."

Hiyo ndiyo sheria ya kwetu, na sijui nani aliitunga: matandiko ya mgeni hayabadilishwi kabla hajaondoka, kwa sababu kuyabadilisha ni kumwonyesha mlango. Na mgeni naye haulizwi anaondoka lini. Ukiziweka hizo sheria mbili pamoja utaona nilikuwa nimekwisha.

Harusi ikapita. Shangazi hakuondoka. Kwanza miguu ilimvimba. Halafu mvua. Halafu akasema hajawahi kulala vizuri namna hii tangu aolewe.

Nililala sebuleni kwenye godoro, kichwa juu ya mto wa kochi. Viti vyetu, kama viti vya nyumba nyingi hapa, vimevalishwa vitambaa vya kufuma kwa mkono, vyenye matundu na maua. Mama amevifuma mwenyewe na anavipenda. Hakuna kitu duniani kinachoshika nywele kama kitambaa cha kufuma. Kila tundu lina mdomo. Nilijaribu kujifunga skafu, usiku ikateleza na kuishia shingoni. Nilijaribu kuutoa mto na kulalia mkono. Asubuhi nilikuwa nanyanyuka polepole, kama mtu anayetoka kwenye miiba, na bado nikiangalia nilikuta vijinywele vyangu vimefumwa kwenye maua ya mama.

Na shangazi akinawiri! Hilo ndilo lililonichoma. Kila asubuhi alitoka chumbani kwangu akijipapasa kichwa. Alikuwa anapaka mafuta ya nazi na juu yake dawa ya kuchua, ya kijani, ya maumivu ya kichwa, halafu anakwenda kulaza yote juu ya hariri yangu.

"Wifi, angalia nywele zangu zilivyolala! Kama za msichana. Na hili shavu, njoo ushike, lina mkunjo?"

"Halina, wifi. Umerudi ujanani."

"Nikirudi nyumbani mzee atasema ameletewa mke mwingine." Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nakunja godoro. "Na huyu mbona hasemi? Kaka yangu haachi kusema, mama yake ndiyo redio. Huyu mlimwokota wapi?"

"Ana haya tu," mama akasema.

Haya. Nilikuwa nimejaa maneno mpaka kooni. Nikienda kazini nilikuwa nayasema yote ndani ya basi, kimya, nikitazama dirishani. Nilimjibu shangazi vizuri sana njia nzima. Kufika Nyamirambo nikawa nashona mishono iliyovutika, na bibi akawa anaifumua bila kuniuliza. Mara moja tu aliinua skafu yangu kwa kidole, akaangalia panja, akaishusha.

"Kwani foronya imekwenda wapi?"

Nikamwambia.

"Na mdomo umekwenda wapi?"

Nikarudi kwenye cherehani. Nilikasirika naye pia. Ni rahisi kwa mtu ambaye akisema duka zima linanyamaza.

Hatimaye shangazi akasema anaondoka kesho asubuhi. Nilikwenda kazini siku hiyo nikiwa mwepesi. Niliona hata barabara ni nzuri. Jioni nilishuka kwenye basi nikapanda kilima chetu haraka, nikiwaza jinsi nitakavyoifua, sabuni kidogo, maji mara tatu mpaka harufu ya dawa ya kuchua iishe.

Kabla sijafika mlangoni nikaisikia harufu. Nywele zinaungua.

Sitaweza kueleza. Mwili wangu ulirudi Sonatubes, kwenye kile kiti, na panja likaanza kuwaka huku hakuna kitu juu yake. Niliingia mbio.

Mama alikuwa amesimama kando ya meza na pasi ya mkaa mkononi. Shangazi alikuwa kwenye kochi. Mezani foronya yangu, na katikati yake alama ya pasi, rangi ya kahawia, iliyopenya mpaka upande wa pili.

Mtu asiyetoka kwenye nyumba kama yetu hataelewa, kwa hiyo nieleze. Kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zinazoanikwa nje. Ukivaa, funza anaingia kwenye ngozi. Mama alilelewa na mama aliyeogopa inzi huyo kuliko simba, na yeye anapiga pasi kila kitu kilichokauka nje: soksi, taulo, vitambaa vya vyombo. Pasi ikiwa ya moto sana ndipo anapumua. Siku ile mgeni alikwisha kuaga, kwa hiyo kuivua foronya hakukuwa kosa tena, na kamba ilikuwa imejaa vumbi la wajenzi, basi akaifua foronya kwa sabuni ya unga, akaitandaza juani kwenye nyasi, halafu kwa ajili ya inzi akaipelekea moto kwa nguvu zake zote. Alikuwa anataka iwe safi.

Na kwa nini alitaka iwe safi? Nilisikia kwa masikio yangu. Aliweka pasi chini, akamgeukia shangazi, mikono kifuani.

"Wifi, nisamehe. Aibu gani hii! Ilikuwa zawadi yako ya kuondokea."

"Ihangane, wifi," shangazi akasema. Hata yeye, wa Ngara, alikuwa amekwisha kujifunza neno hilo. "Ni foronya tu."

"Mama," nikasema, "unamwomba msamaha nani?"

Waligeuka wote wawili. Sauti ilikuwa imetoka nje ya meno. Ilikuwa inatetemeka, lakini ilikuwa imetoka.

"Unasemaje?"

"Unamwomba msamaha nani? Niliishona mimi. Ni yangu. Hukuiweka kwa ajili ya mgeni, uliikuta kitandani kwangu."

"Yako?" shangazi akasema. "Wifi, si uliniambia..."

"Alikuambia." Nikaivuta skafu. Sikuwahi kuivua mbele ya mtu tangu saluni, ukimtoa bibi ambaye hakuniomba ruhusa. "Ulikuwa unalalia nywele hizi, shangazi. Zilikuwa zimeota. Zilikuwa zimefika hapa."

Shangazi alinyanyuka, akaja karibu kuangalia, mkono mdomoni. Na mama, mama yangu aliyenizaa, unajua alisema nini?

"Funga kichwa mbele ya shangazi yako."

Sikufunga. Nilichukua mkasi kwenye mkoba wa kazi nikakaa mezani pale pale, mbele ya pasi, nikaanza kuikata foronya. Sehemu iliyoungua nikaitoa. Mama akasema nina wazimu. Shangazi akaniambia, safari hii kwa sauti ndogo, "Mwanangu, mbona hukusema mapema?"

"Ningesema, mngenisikia?"

Akatazama chini. Angalau yeye alitazama chini. Nilikata ukanda mrefu kutoka kwenye mdomo wa foronya, pale ambapo pasi haikufika, mpana kama kiganja, nikaukunja kingo kwa sindano ya mkono. Usiku huo niliufunga kuzunguka kichwa, ukafunika panja na sikio, nikalala sebuleni juu ya maua ya mama. Haukuteleza.

Asubuhi shangazi aliondoka. Mama alimsindikiza mpaka kwenye basi, akarudi na kupita karibu nami kuingia jikoni. Nilingoja siku ile na zilizofuata. Msamaha alioutoa kwa wifi yake ulikuwa mzuri sana, wenye mikono kifuani. Kwangu haukuwahi kuja, hata ule wa mdomo tu.

Baadaye shangazi alituma mzigo kwa mtu anayekuja Kigali. Ndani mlikuwa na dagaa na foronya nyekundu inayong'aa kama karatasi ya zawadi. Nilichomoa uzi nikauwashia. Haukunuka nywele. Ulijikunja ukawa kitone kigumu cheusi, na harufu ya ndoo inayoungua. Najua shangazi hakutaka kunidanganya. Aliyemuuzia ndiye alimdanganya. Nilimtumia shukrani, na nilimaanisha.

"Si umeletewa nyingine?" mama akasema. "Basi yaishe."

"Hii ni ya wageni," nikamwambia.

Mgeni mwingine amekuja mwezi huu, mjomba upande wa mama, mtu mzuri asiye na makelele. Mama alianza kutandika kitanda changu. Niliingia nikauchukua mto wangu. Kwa mabaki ya ile hariri nilikuwa nimeshona upande mmoja wa foronya mpya, upande wa pili ni pamba, na huo ukanda naufunga bado. Mjomba alikuwa amekaa sebuleni akinywa chai. Nilipita mbele yake na mto kwapani, mama nyuma yangu.

"Unakwenda wapi na huo mto mbele ya mgeni?" akaninong'oneza.

"Kulala."

"Na mjomba wako alalie nini?"

"Ile nyekundu."

Mjomba akasema yeye hata bila mto analala, asisumbuliwe mtoto. Mama akanitazama kwa jicho ambalo zamani lingenifanya nirudi na kuuweka mahali ulipotoka. Nikaondoa vitambaa vya kufuma kwenye kochi, nikavikunja vizuri na kumpa mikononi.